Toba Isiyomfikia Aliyedhulumiwa

Maneno mawili yamechakaa midomoni mwetu kwa kutumiwa mno: kutubu na kuokoka. Tunayasikia katika mikutano ya injili viwanjani Lushoto na Mombo, redioni, misibani, na siku hizi hata katika hotuba za viongozi. Fulani ametubu. Fulani ameokoka. Watu hupiga makofi, vigelegele hupigwa, na aliyeokoka huanza kualikwa huku na huko kutoa ushuhuda. Swali ambalo halisikiki sana ni hili: je, aliyedhulumiwa naye amepata habari? Mjane aliyepokonywa shamba, kijana aliyenyimwa nafasi ya kazi kwa kuwa hakuwa na bahasha, wanakijiji ambao fedha za bomba lao la maji zililiwa: wao wameona tofauti gani tangu mtu huyo aokoke?

Katika makala hii natetea hoja moja, nyepesi kuitamka na nzito kuitenda. Toba ya Kikristo ambayo haimfikii mtu aliyedhulumiwa, wala haimrudishii kilicho chake pale inapowezekana, haijawa toba bado. Na wokovu unaotangazwa juu ya toba ya namna hiyo ni tangazo tu.

Siandiki kama mchungaji. Mimi ni mwalimu wa chuo kikuu, na naandika kwa sababu jambo hili limekwisha kutoka madhabahuni na kuingia ofisini, mahakamani na katika mabaraza ya ardhi. Jamii isiyojua toba ni nini haiwezi kujua uwajibikaji ni nini, kwa kuwa mambo hayo mawili yana mzizi mmoja.

Neno lenyewe linasema nini

Neno toba limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kurudi. Manabii wa Kiebrania nao walitumia kitenzi chenye maana hiyo hiyo: mtu aliyepotea njia ageuke, arudi alikotoka. Waandishi wa Agano Jipya walitumia neno la Kigiriki, metanoia, lenye maana ya kubadilika kwa nia na fikra. Katika lugha zote hizo, toba haianzi na machozi. Machozi yanaweza kuwapo au yasiwepo. Kinachotakiwa ni mtu kugeuka na kuanza kutembea kuelekea upande mwingine.

Jirani zetu Waislamu, ambao hapa Lushoto ni wengi, wana mafundisho yaliyo wazi sana juu ya jambo hili. Wanazuoni wao hufundisha kwamba mwenye kutubu sharti aache dhambi, ajute, na aazimie kutoirudia. Na kama dhambi yenyewe imegusa haki ya mtu mwingine, amrudishie mwenyewe haki yake au amwombe radhi. Mkristo akisikia hayo asidhani ni mambo ya dini nyingine. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinaagiza kwamba aliyemkosea mwenzake aungame, alipe kile alichokichukua kwa ukamilifu, na aongeze sehemu ya tano juu yake. Kutoka 22 inakwenda mbali zaidi: aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza atalipa ng'ombe watano, na aliyeiba kondoo atalipa wanne. Katika sheria hiyo dhambi ina anwani. Inajulikana imemwangukia nani na imemgharimu kiasi gani.

Neno kuokoka nalo lina funzo. Kwa Kiswahili cha kawaida mtu huokoka katika jambo: ameokoka katika ajali, ameokoka katika mafuriko. Asiyesema ameokoka na nini hajamaliza sentensi. Wengi wetu tukibanwa tutajibu kwamba tumeokoka na moto wa jehanamu. Lakini Injili ya Mathayo, katika sura yake ya kwanza kabisa, inasema kwamba mtoto atakayezaliwa atawaokoa watu wake na dhambi zao. Haisemi adhabu peke yake. Inasema dhambi zenyewe. Mtu anayetaka kuokolewa na adhabu huku akibaki na mali ya dhambi ni sawa na mtu aliyezolewa na mto, akatupiwa kamba, akaishika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akang'ang'ania jiwe linalomzamisha.

Kuharibu nchi na kuiponya nchi

Kabla Biblia haijafika katika milima ya Usambara, Wasambaa walikuwa na lugha yao ya kuzungumzia jambo hili. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameeleza namna fikra za kisiasa za Wasambaa zilivyozunguka dhana mbili: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Mtawala alihukumiwa kwa kipimo hicho. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, watu wakala na wakaishi kwa amani, nchi imepona. Wakubwa wakigombania madaraka, njaa ikaingia na watu wakatawanyika, nchi imeharibika. Ubaya wa mwenye madaraka haukuwa siri yake na mizimu yake. Ulionekana mashambani na katika matumbo ya watoto.

Historia ya milima hii inaonyesha nchi iliyoharibika hivyo hasa. Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kutoka Vuga na ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alifariki mwaka 1862. Baada yake ufalme ukapasuka. Semboja, mwanawe, aliyekaa Mazinde kule tambarare penye njia ya misafara, alikuwa karibu na biashara ya pwani na bunduki zake. Katika vita vilivyofuata, Wasambaa na Wabondei walikamatwa na kuuzwa. Wenye nguvu waliwauza watu wa nchi yao wenyewe.

Wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifungua kituo cha Mlalo mwaka 1891, wakati nchi ikiwa na jeraha hilo. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19 kikafunguliwa kituo cha Lutindi kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye Lutindi ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inaendelea na kazi hiyo hadi leo. Nawaomba wasomaji watafakari jambo moja hapo. Kwa mtoto aliyeletwa Lutindi, neno ukombozi halikuwa fumbo. Lilimaanisha kwamba jana alikuwa mali ya mtu na leo si mali ya mtu. Sasa jiulize: mfanyabiashara aliyemuuza mtoto yule angekuja kanisani, akalia, akaimba, akabatizwa, kisha akarudi nyumbani kwake ambako watoto wengine watatu wamefungwa wakisubiri msafara, je, tungesema ametubu? Hakuna ambaye angethubutu kusema hivyo. Basi kwa nini tunasema hivyo tunapozungumzia kiwanja, mshahara, au fedha za zahanati?

Haki inataka niseme pia kwamba injili haikupanda mlimani peke yake. Miaka hiyo hiyo utawala wa Kijerumani ulikuwa ukijijenga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na Lushoto yenyewe wakaiita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Walowezi wakachukua ardhi. Hivyo mahubiri ya toba yalitolewa katika nchi ambayo wahubiri na watawala walitoka taifa moja, na swali la nani atubu kwa nani lilikuwapo tangu siku ya kwanza. Nitalirudia.

Zakayo alikuwa mtumishi wa umma

Kisa cha Zakayo katika Luka 19 huhubiriwa sana kwa watoto, kwa sababu kina mtu mfupi na mti. Nadhani kingefaa zaidi kuhubiriwa katika semina za watumishi wa umma. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, na utajiri wake ulitokana na cheo chake. Tazama mfululizo wa mambo katika kisa hicho. Kwanza, Yesu anamwita na kutangaza kwamba atashinda nyumbani kwake, kabla Zakayo hajatoa ahadi yoyote. Neema imetangulia. Pili, Zakayo anasimama mbele ya watu na kutaja hesabu: nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Ni baada ya hapo ndipo Yesu anatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Zakayo hakusema kwamba atatoa sadaka kubwa hekaluni. Alitofautisha mafungu mawili: sadaka kwa maskini ni jambo moja, na kuwarudishia walionyang'anywa ni jambo la pili. Wengi wetu tumeyachanganya. Mtu akila fedha za mradi wa maji wa kijiji, kisha akanunua vyombo vya muziki vya kwaya, hajarudisha kitu. Amehamisha mali ya wanakijiji kwenda mahali ambapo atapigiwa makofi kwa mali hiyo hiyo.

Yohana Mbatizaji alikuwa na majibu ya namna hiyo. Katika Luka 3 makundi yanamwendea kuuliza wafanye nini. Watoza ushuru anawaambia wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari anawaambia wasiwatishe watu wala kuwasingizia ili kupata fedha, na waridhike na mishahara yao. Hawaambii waache kazi na kwenda jangwani. Anawapa kile ambacho leo tungekiita maadili ya utumishi wa umma, na anakiita matunda ya toba.

"Lakini tunaokolewa kwa neema"

Najua pingamizi linalokuja, hasa hapa ambapo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lina mizizi mirefu. Nitaambiwa: ndugu, unaturudisha kwenye wokovu wa matendo. Mtu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani. Mhalifu msalabani hakurudisha kitu, na bado aliahidiwa peponi.

Pingamizi hili ni zito na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba katika imani ya Kikristo hakuna anayenunua msamaha. Mhalifu yule alikuwa amepigiliwa misumari mikono na miguu. Hakuwa na cha kurudisha wala nafasi ya kukirudisha. Alichokuwa nacho ni ulimi, na aliutumia kukiri kwamba hukumu yake ni ya haki. Mwenye mikono iliyo huru na akaunti yenye fedha asijifananishe naye.

Martin Luther mwenyewe, katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517, alifundisha kwamba maisha yote ya mwamini yawe maisha ya toba. Ugomvi wake ulikuwa na biashara ya vyeti vya msamaha, yaani wazo kwamba mtu anaweza kulipa fedha mahali fulani akaondokewa na mzigo bila maisha yake kugeuka. Ingekuwa ajabu kama warithi wa Luther wangeirejesha biashara hiyo kupitia mnada wa sadaka ya mwenye cheo.

Yupo Mlutheri mwingine ambaye watu wa Usambara wana undugu naye kuliko wanavyojua. Shirika la misheni lililofanya kazi katika milima hii lilikuja kuitwa Bethel, kwa sababu makao yake yalihamia Bethel, karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani. Hapo hapo Bethel, Agosti 1933, mwanateolojia kijana Dietrich Bonhoeffer alishiriki kuandika tamko la imani la kupinga mafundisho ya wale waliotaka kulifanya kanisa kuwa chombo cha Wanazi. Mwaka 1937 alitoa kitabu ambamo alishambulia kile alichokiita neema rahisi: msamaha unaohubiriwa bila toba, ubatizo bila nidhamu, neema isiyomdai mtu kitu. Aliandika hayo akiwa katika nchi iliyojaa makanisa na Wakristo waliobatizwa, ambao wengi wao walikuwa wakitazama jirani zao Wayahudi wakinyang'anywa maduka, kazi na haki zao. Bonhoeffer alinyongwa Aprili 1945. Kwake, neema ni ya bure, lakini si ya bei ya chini.

Kurudisha, basi, si malipo ya wokovu. Ni ushahidi kwamba mtu ameupokea. Mti haujitengenezei uhai kwa kuzaa matunda, lakini mti usiozaa msimu baada ya msimu mkulima ataukagua mizizi.

Toba tulizoziona

Historia yetu ya karibu ina mifano ya kutosha ya kupima hoja hii.

Wa kwanza ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda, ukashika kasi katika miaka ya 1930, ukaingia Bukoba na sehemu nyingine za Tanganyika na Kenya. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alikuwa tunda la vuguvugu hilo. Waliookoka waliungama hadharani, na wakati mwingine waliungama kupita kiasi. Lakini kilichowashangaza majirani ni kwamba walirudisha vitu. Mtu alirudisha ng'ombe, alipeleka kwa mwajiri vyombo alivyoviiba, alikiri kodi aliyoikwepa. Hata wasioamini waliona kwamba kuna jambo limetokea. Leo tumerithi kutoka kwao ushuhuda na nyimbo. Urithi wa kurudisha tumeuacha njiani.

Wa pili ni wa serikali. Septemba 2019 Rais John Magufuli alishauri kwamba watuhumiwa wa makosa ya uhujumu uchumi walio tayari kukiri na kurudisha fedha wapewe nafasi. Lugha iliyotumika ilikuwa ya kuomba radhi na kutubu. Mwisho wa mwezi huo Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watuhumiwa 467 wameomba kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Kwa juujuu hiki ni kisa cha Zakayo kwa kiwango cha taifa. Lakini utakatishaji fedha ni kosa lisilo na dhamana, na mtu aliyekaa mahabusu miaka bila kesi yake kusikilizwa anaweza kukiri ili arudi kwa watoto wake, awe ametenda au hakutenda. Utaratibu huo ulikuja kulalamikiwa sana baadaye, na malalamiko hayo yana uzito. Zakayo alizungumza akiwa nyumbani kwake, mlango ukiwa wazi.

Watu wa Lushoto wana kumbukumbu yao juu ya uponyaji wa amri. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia Mlalo, ukawalazimisha wakulima kulima kwa matuta kwenye miteremko, na asiyefanya alitozwa faini. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa wa kweli. Lakini kazi ilikuwa nzito, mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake, na wananchi waliukataa mpango huo hadi ukaachwa kabla ya uhuru. Jambo jema likilazimishwa na mwenye mamlaka ambaye mwenyewe hajatubu kitu halimponyi mtu, wala haliiponyi nchi.

Injili ya Mathayo ina onyo linalofaa hapa. Yuda Iskariote alijuta, na fedha alizirudisha, vipande vyote 30. Lakini alizirudisha kwa makuhani waliomlipa, si kwa yule aliyemsaliti, na aliyesalitiwa aliendelea kufungwa kamba. Petro hakuwa na fedha ya kurudisha. Alimrudia mtu mwenyewe, akakubali kuulizwa mara tatu, akapewa kazi. Kurudisha kunakohitajika ni kwa fedha na uhusiano pamoja.

Mfano wa tatu unahusu wanaopokea. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa michango ambayo Rais William Ruto aliitoa katika parokia ya Soweto jijini humo, akataka irudishwe. Hakusema kwamba fedha hizo zimeibwa. Alisema kanisa lisitumike kama jukwaa la siasa. Naheshimu uamuzi huo kwa sababu ulikuwa na gharama: parokia ilihitaji nyumba ya padri. Kanisa linalopokea kila bahasha bila kuuliza linaifanya kazi ya toba kuwa ngumu zaidi, kwani mwenye dhambi anajikuta ameshapata heshima kabla hajaitafuta haki.

Wa nne ni wa mataifa, na hapa narudia swali nililoliacha. Tarehe 1 Novemba 2023, huko Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea watu wetu katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Alizungumza na jamaa wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, na aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kulitafuta fuvu lake. Maneno hayo yalichelewa zaidi ya miaka 100, na bado ni mema kuliko ukimya. Lakini kipimo ni kile kile. Mafuvu ya wazee wetu yakibaki katika makabati ya majumba ya Ulaya, huzuni iliyotamkwa Songea itakuwa imeishia Songea. Na sisi tunaodai hilo kwa Ujerumani, kwa haki kabisa, tusishangae tukiulizwa na mjane wa Soni au Bumbuli kwa nini tunajua kudai kwa wageni tusiyojua kulipa kwa majirani.

Tuanze na shamba la mteremkoni

Ngoja nishuke hadi kwenye jambo la kila siku. Ardhi ya Lushoto ni finyu. Familia moja huwa na vishamba vitatu au vinne vilivyotawanyika, kimoja bondeni penye maji cha kabichi na karoti, kingine juu mteremkoni cha mahindi na maharage. Ukimnyang'anya mtu kishamba kimoja umemwondolea msimu mzima wa mwaka.

Tuseme yupo mtu, na mfano huu ni wa kufikirika, ambaye alikuwa na sauti katika kijiji chake. Ndugu yake alipofariki, alitumia sauti hiyo kumwondoa shemeji yake mjane katika shamba la bondeni. Muhtasari wa kikao uliandikwa, mihuri ikapigwa. Miaka 12 baadaye ameokoka kweli kweli, haendi tena kilabuni, anaomba alfajiri. Shamba bado analilima. Akiulizwa, atasema mambo ya kale yamepita.

Kwa nani yamepita? Kwa mjane hayajapita. Kila akishuka kisimani analiona shamba. Mtu huyu akitaka kutubu, njia yake haina fumbo. Aende kwa shemeji yake kabla ya kwenda madhabahuni, kama Mathayo 5 inavyofundisha juu ya mtu anayekumbuka, akiwa na sadaka mkononi, kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Akiri bila kuchanganya na visingizio. Arudishe shamba, na kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inatambua haki za kimila na hati zake, asaidie kumbukumbu za kijiji zirekebishwe ili watoto wake wasije kudai tena. Ahesabu mavuno ya miaka hiyo na kutafuta namna ya kuyafidia. Kisha akubali kwamba mjane ana haki ya kutomsamehe upesi. Msamaha hauwezi kudaiwa kama deni, na mchungaji asimbane mama yule ili ibada imalizike vizuri.

Na kama mwenye mali amekwisha kufariki? Hesabu 5 inamwelekeza mkosaji kwa jamaa wa karibu. Na kama aliyeibiwa ni umma? Hazina ya halmashauri ina akaunti, na hospitali ina uongozi. Ni kweli kwamba kukiri kosa la jinai kuna matokeo ya kisheria, na mtu atafute ushauri wa wakili. Lakini asiseme njia haipo. Na kama mali imekwisha kutumika yote? Zakayo alikuwa na nusu iliyobaki. Mwingine atabaki na mshahara wa kukatwa kidogo kidogo, au ushahidi wa kweli mbele ya baraza. Paulo, akimwombea Onesimo aliyekuwa mtumwa, alimwandikia Filemoni kwamba kama mtu huyo anadaiwa kitu, deni liandikwe kwa Paulo. Mtume hakusema deni halipo kwa kuwa Onesimo ameamini.

Kwa wasomaji wangu

Kwa watumishi wa umma: wengi wenu mnafanya kazi kwa uaminifu katika mazingira magumu, na makala hii haiwatuhumu. Lakini yule ambaye dhamiri yake inamgonga asisubiri mkutano wa injili ujao. Achukue karatasi aandike majina ya watu, na mbele ya kila jina aandike kiasi. Orodha hiyo itamfundisha zaidi ya mahubiri mengi.

Kwa wanaharakati: msiidharau lugha ya toba mkidhani ni ya kanisani tu. Wananchi wengi wanaielewa kuliko lugha ya sera. Ila msimfungie mlango anayegeuka. Jamii isiyo na njia ya kurudi inawafundisha wakosaji kujificha, na Yeriko ilimnung'unikia Zakayo hata siku aliyoamua kulipa.

Kwa wanafunzi wangu: mtaingia ofisini karibuni, na bahasha ya kwanza itakuja mapema kuliko mnavyodhani. Ni rahisi kuikataa kuliko kuirudisha baada ya miaka 20.

Kwa wachungaji, mapadri na wainjilisti, nawauliza kwa heshima: mtu akija mbele na kusema ameokoka, muulizeni taratibu, faraghani, kuna nani anayekudai? Kisha mfuateni mkamwone mtu huyo pamoja naye. Wazee wa milima hii walijua kwamba nchi hupona au huharibika mbele ya macho ya watu. Kanisa linalohubiri wokovu katika nchi hii lisiogope kupimwa kwa kipimo hicho.